Bosi wa chini ya mwembe: michezo ya watoto, na wewe unayeongoza watu

Juzi Jumamosi nilikuwa nimekaa ndani napiga hesabu za vitambaa, dirisha liko wazi, nje chini ya mwembe binti yangu wa miaka 5 anacheza na watoto wawili wa jirani. Siku zote wanajipikilisha, mchanga ndo unga, majani ndo mchicha, kopo la maziwa ndo sufuria, ila siku hiyo walikuwa wamebadilisha, wanacheza "kwa baba", yaani karakana. Nina kijikarakana cha makochi hapa Dar, mafundi wanne na kijana mmoja wa kubeba. Binti yangu kachukua simu mbovu, kaweka mikono nyuma, anatembea taratibu huku na huku, alafu anasimama mbele ya mtoto wa jirani aliyekuwa anapigilia kijiti ardhini, anauliza kwa sauti nzito: "Nani kakata hiki?" Kimya. "Nimeuliza nani kakata hiki! Sitaki maelezo, nataka jina." Yule mtoto akainamisha kichwa akasema samahani bosi.

Bwana wee, nikaacha kalamu. Maneno ni yangu yote, hakuongeza hata moja. Ila iliyoniuma zaidi ni ile mikono nyuma, maana mpaka siku ile sikuwa najua kama natembea hivyo.

Wiki hiyo hiyo, na hapa ndo pa kuchekesha, nilikuwa nimejaza dodoso moja la mtandaoni, maswali kama 20, "wewe ni kiongozi wa aina gani". Unasoma sentensi unabonyeza nakubali sana au sikubali. Huwa nasikiliza maoni ya wenzangu kabla ya kuamua, nakubali sana. Mtu akikosea namwelekeza kwa upole, nakubali sana. Majibu yakaja: kiongozi shirikishi, na kapicha ka watu wamekaa duara wanacheka. Nikapiga skrinishoti kabisa nikamtumia mke wangu, akanijibu na ile emoji ya kucheka mpaka machozi, nikadhani amefurahi na mimi.

Sasa kati ya dodoso na mtoto wa miaka 5 nani anasema kweli? Mimi namwamini mtoto, na sio kwamba watoto hawadanganyi (wanadanganya, tena huyu wangu ndo usiseme). Shida ya dodoso ni kwamba linamuuliza nyani habari za kundule. Aina yako ya uongozi inaonekana vizuri kutoka upande wa anayeongozwa, na ule uwezo wa kwenda kusimama upande huo ukajitazama tunaanza kuufanyia mazoezi utotoni, kwenye michezo, alafu kuna dalili kwamba mtu akipewa madaraka unaanza kulegea. Uongozi na michezo ya watoto watu wanavisoma madarasa tofauti kama vile havijuani, wakati jaribio maarufu kuliko yote la aina za uongozi lilifanywa kwa watoto kwenye vilabu vya baada ya shule. Ngoja nianzie hapo.

Vilabu vya vinyago

Kurt Lewin alikuwa mwanasaikolojia Myahudi wa Ujerumani, Hitler alivyoshika madaraka 1933 akaondoka akaenda Marekani, akafika Chuo Kikuu cha Iowa kwenye kituo chao cha utafiti wa watoto. Mtu aliyeiacha nchi yake ikiwa imegeuka vile huwezi kushangaa akitaka kujua kwanini watu wa kawaida wakiongozwa hivi wanakuwa hivi na wakiongozwa vile wanakuwa vile. Yeye na wenzake wawili, Ronald Lippitt na Ralph White, wakachapisha matokeo mwaka 1939.

Walichukua watoto wa kiume wa miaka kama 10, watano watano, wanakutana kwenye kilabu wanatengeneza vinyago vya kuvaa usoni, wanachonga sabuni, wanaunda vindege. Kila kilabu kina mtu mzima mmoja. Mmoja anaongoza kiimla: yeye anapanga kila kitu, nani afanye nini, akae na nani, na anatoa maelekezo hatua moja moja ili mtoto asijue inayofuata ni ipi, akisifia anamsifia mtu na akikosoa anamkosoa mtu, alafu yeye mwenyewe anakaa pembeni hachafui mikono. Mwingine shirikishi: siku ya kwanza anaonyesha kazi nzima inaelekea wapi, mambo yanajadiliwa, mtoto anachagua wa kufanya naye, sifa na makosa ni ya kazi. Wa tatu ndo bora liende, vifaa hivi hapa, ukiuliza nakujibu, usipouliza mimi sipo.

Huyu wa tatu alizaliwa kwa bahati mbaya. Ralph White alitakiwa kuwa shirikishi, akawa mpole kupitiliza, kilabu kikawa vurugu, Lewin alivyoangalia akaona hii sasa sio ushirikishi, hii ni aina nyingine kabisa, wakaiingiza kwenye jaribio. Mimi nampenda White kwa hilo, maana nawajua wakubwa kibao wanaojiita shirikishi kumbe wameacha tu watu wahangaike.

Matokeo sasa. Vilabu vya kiimla viligawanyika, vingine watoto wakawa wakali, wanagombana, wanamchagua mmoja wanamwonea mpaka anaacha kuja, vingine wakawa kimya, wapole, hawana furaha wala ugomvi, yaani wapo tu. Katika watoto 20, kasoro mmoja tu, wote walimpenda zaidi kiongozi shirikishi kuliko wa kiimla. Yule mmoja aliyempenda wa kiimla alikuwa mtoto wa afisa wa jeshi, nikisoma hapo nacheka kila mara.

Ila kitu kilichonikamata mimi ni walivyofanya hivi: kiongozi anatoka chumbani kwa makusudi, alafu wao wanaangalia watoto wanafanya nini. Kwenye vilabu vya kiimla vile vya watoto wapole, kiongozi akiwepo asilimia 74 ya muda ulikuwa wa kazi, akitoka inashuka mpaka 29. Kwenye vile vya kiimla vyenye ukali, 52 inashuka mpaka 16. Shirikishi, akiwepo 50, akitoka 46, karibu hakuna tofauti. Na bora liende, akiwepo 33, akitoka inapanda mpaka 49, yaani bora hata asingekuja.

Angalia hizo namba vizuri kabla hujakimbilia kusema shirikishi ndo bora. Bosi akiwa amesimama pale, hakuna aliyepata kazi nyingi kama yule wa kiimla aliyepata watoto watiifu, 74 kwa 50. Ndo maana wakubwa wengi wa kiimla wanajiona wako sawa kabisa, maana wakati wote wanaoangalia wao wenyewe wapo! Hiyo 29 hawaijui, hawajawahi kuiona, haiwezekani waione.

Mimi ya kwangu niliiona kwa sababu ya msiba. Nilienda Korogwe siku nne, nikaacha kazi ya makochi matatu ya mteja mmoja wa Tabata, fremu zimeshasimama, bado sponji na kitambaa. Narudi nakuta fremu zile zile zimesimama vile vile, mafundi wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Nikawaka. Nikapewa jibu moja la upole sana: "Bosi tulikuwa tunakusubiri, hatukujua mgongoni anataka ya nene au nyembamba." Picha ya kochi mteja alinitumia Whatsapp. Ilikuwa kwenye simu yangu. Wiki tatu nawaambia kata hapa, gundisha hapa, geuza, na katika watu wanne wanaotengeneza lile kochi hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona linavyotakiwa kuwa likiisha, hatua moja moja kama kile kilabu cha Iowa. Wakati ule sijui habari za Iowa, nikawaita wavivu.

Jambo lingine kwenye lile jaribio ambalo watu wanalipita haraka: viongozi walikuwa wanazunguka. Kila baada ya wiki 6 hivi kilabu kinapata kiongozi mpya na mtindo mpya, na mtu mmoja huku anaongoza kiimla kule anaongoza shirikishi. Walifanya hivyo ili isije ikaonekana ni tabia ya mtu ndo inaleta matokeo. Watoto wale wale, chini ya mtindo tofauti, wakawa watu tofauti. Na wale watu wazima walikuwa wanafanya nini? Wanaigiza. Wanacheza baba na mama, mimi leo ndo mkali, wiki ijayo mimi ndo mpole. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi ndo nilivyo, nimezaliwa mkali" mwambie kuna watu walivua ukali wakauning'iniza ukutani kama koti miaka ya 1930 huko.

Mtoto anajuaje kuna upande wa pili

Ili uigize bosi lazima kwanza ujue bosi anaona vitu tofauti na wewe, na hilo jambo mtoto hazaliwi nalo likiwa tayari. Jean Piaget, yule mwanasaikolojia Mswisi, alikuwa anamkalisha mtoto mbele ya mfano wa milima mitatu mezani, mwanasesere amekaa upande wa pili, anamuuliza mwanasesere anaona nini. Wadogo walikuwa wanachagua picha ya kile wanachokiona wao. Piaget akahitimisha kwamba mpaka karibu miaka 7 mtoto anashindwa kutoka kwenye macho yake.

Sema Piaget aliwaonea kidogo. 1975 Martin Hughes kule Edinburgh akabadilisha swali. Akaweka kuta mbili zimepishana kama alama ya msalaba, vipolisi viwili vya kuchezea vinaangalia pande tofauti, na kidoli cha mtoto, akawaambia mfiche huyu asionekane na polisi hata mmoja. Watoto wa miaka mitatu na nusu mpaka mitano wakapatia kama mara 9 kati ya 10! Akili ilikuwepo, kilichobadilika ni kwamba swali limekuwa mchezo, na ni mchezo wanaoujua. Milima ya Uswisi mtoto inamhusu nini? Ila kujificha, nani asiyejua kujificha.

Kuna ngazi ya juu zaidi ya hapo. Kujua mwenzako anaona nini kwa macho ni kitu kimoja, kujua mwenzako anaamini kitu ambacho sio kweli ni kitu kingine. 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walikuwa na hadithi ya mtoto anaweka chokoleti kabati moja, anatoka, mama yake anaihamishia kabati jingine, akirudi ataitafuta wapi? Wa miaka 3 wengi wanasema kule iliko, kwa sababu wao wanajua iko kule na hawawezi kufikiria mtu asijue wanachokijua wao. Kuanzia miaka 4, 5 wanaanza kusema ataenda kule alikoiacha.

Na usije ukasema hayo mambo ya chokoleti ni ya Wazungu, 1991 Jeremy Avis na Paul Harris walilifanya na watoto wa Wabaka, wale wawindaji wa msituni Kamerun. Mzee anapika kokwa za maembe kwenye kibanda, anaaga anatoka kidogo, mwenzake anamwambia mtoto hebu zihamishe zifiche pengine. Akirudi mzee atatafuta wapi? Na kabla hajafunua atakuwa na furaha au huzuni? Watoto wa miaka kama 5 wengi walipatia, wanajua mzee atafunua kile chombo cha kwanza, anafurahi zake masikini, hajui kumekucha.

Sisi hiyo elimu tuliipatia kwenye kombolela, naomba nikae hapa kidogo maana mchezo huu haujapewa heshima yake. Kwa ambaye hakukulia uswahilini: kopo linawekwa katikati, mmoja analinda, anafumba macho anahesabu, wengine mnajificha. Akikuona anakimbia kugusa kopo anataja jina lako na ulipo, umekwisha, unakaa mahabusu. Ila mmoja akifanikiwa kuchomoka akalipiga teke lile kopo likaenda huko, "kombolelaaa!", wote waliokamatwa wamekombolewa, mlinzi anaanza upya kuhesabu huku anatukana kimoyomoyo. Sasa kwa anayejificha mchezo mzima ni macho ya mwingine. Nikikaa nyuma ya hili pipa ananiona miguu? Anadhani niko kushoto kwa sababu nilikimbilia kushoto, je, anajua kwamba mimi najua anadhani hivyo?

Na kulikuwa na ujanja wa kubadilishana mashati. Wewe unavaa shati langu jekundu mimi navaa lako la bluu, unatoa bega tu kwenye kona ya ukuta, mlinzi anaona nyekundu anakimbia anagonga kopo anataja jina langu kwa nguvu, sio mimi! Kakosea, anaanza upya. Mtoto wa miaka 8 pale ametengeneza imani ya uongo ndani ya kichwa cha mwenzake, kwa makusudi, kwa kutumia shati, na hakuna mwalimu aliyemfundisha. Alafu jioni anafika nyumbani mama anamuuliza hili shati la nani, anatakiwa afikirie tena mama anajua nini na hajui nini.

"Eti wewe ulikuwa mgonjwa"

Mchezo wa kuigiza, baba na mama, kujipikilisha, Wakenya wengine wanaita kalongolongo, unafanya kazi kwa njia tofauti kidogo. Wasikilize watoto kabla mchezo haujaanza. "Eti mimi ndo mama, eti wewe ulikuwa mgonjwa, alafu eti tulikuwa tunaenda hospitali." Eti, na ulikuwa, wakati wanaongelea kitu ambacho hakijatokea bado! Hiyo eti ni mlango, kabla yake tuko kwenye dunia ya kweli, baada yake tuko ndani ya mchezo, na mtoto anatoka na kuingia mara kumi kwa dakika. "Mimi sitaki kuwa mtoto, kila siku mimi mtoto!" "Basi leo kuwa baba, ila baba haruhusiwi kulala." Mazungumzo ya namna hii kuna siku yanachukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe, na mtu mzima anaona wanapoteza muda, kumbe hapo ndo penyewe, maana inabidi ukubali kwamba mwenzako ana picha yake kichwani ya mchezo unavyotakiwa kwenda, haifanani na yako, na ukiforce yako tu anakuambia sichezi tena anaenda zake. Ukibaki peke yako huna mchezo.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti, kwenye mhadhara wake wa 1933, alitoa mfano wa dada wawili wa miaka 5 na 7 waliokubaliana wacheze "dada". Yaani dada wanaigiza dada! Kinachobadilika ni kwamba sasa kila mmoja anafikiria dada anatakiwa aweje, anashika mkono wa mwenzake, anavaa sawa naye, vitu ambavyo maisha ya kawaida hawavifikirii. Alisema kwenye mchezo mtoto anakuwa mrefu kichwa kizima kumzidi yeye mwenyewe wa siku zote. Na ukiangalia mtoto mtundu asiyekaa dakika mbili, akiambiwa wewe ndo mlinzi wa geti, anasimama kama mnara.

Na George Herbert Mead wa Chicago aliongeza kitu kimoja: kuigiza mtu mmoja mmoja ni hatua ya kwanza, ila mchezo wenye sheria na wachezaji wengi unakulazimisha kubeba nafasi za wote kwa pamoja. Yeye alitumia besiboli, mimi natumia rede, ule mchezo wa kukwepa mpira. Aliye katikati anajaza chupa mchanga lazima amjue wa mbele anarusha saa ngapi, wa nyuma anasubiri nini, mwenzake wa kati atakimbilia upande gani, na sheria inasemaje mpira ukimgusa. Ukijifikiria wewe tu, umetoka.

Sasa nisije nikaonekana nauza dawa. Angeline Lillard na wenzake mwaka 2013 walipitia tafiti za miaka mingi kuhusu mchezo wa kuigiza, wakasema ukweli ambao wauza midoli hawakuupenda: ushahidi kwamba kuigiza ndo kunasababisha akili hizi ni dhaifu kuliko tulivyokuwa tunaambiwa. Inawezekana mchezo ni njia moja kati ya nyingi, inawezekana anayecheza sana kuigiza ana watu wa kuongea nao sana, na maongezi ndo yanafanya kazi. 1994 Perner na wenzake waliona watoto wenye ndugu nyumbani wanapatia lile swali la chokoleti mapema kuliko wasio na ndugu. Kwa hiyo usikimbilie kununua midoli ya bei eti inakuza akili, mtoto anahitaji watoto wenzake na muda, na mtu mzima asiyeingilia kila dakika mbili kusema hapana hospitali haiko hivyo.

Na kujua mwenzako anafikiria nini sio lazima uwe mtu mzuri. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ni mabingwa, wanajua kabisa kuna mtu mahali fulani ana hela ya kodi mkononi anasubiri namba ya mwenye nyumba, wanajua atafikiria nini akiona meseji. Mchezo unakupa jicho tu, ukiona na jicho hilo unafanya nini, hilo sio suala la mchezo tena, ni suala la malezi.

Herufi kwenye paji la uso

Turudi kwa wakubwa. 2006 Adam Galinsky na wenzake walifanya kitu kidogo, cha kitoto kabisa. Waliwaambia baadhi ya watu wakumbuke na kuandika tukio ambalo walikuwa na madaraka juu ya mtu mwingine, wengine tukio ambalo mtu alikuwa na madaraka juu yao. Alafu: chukua hii maka, chora herufi E kwenye paji lako la uso, haraka. Unaweza kuichora isomeke kwako, kwa anayekuangalia itakuwa imegeuka, au ukaichora isomeke kwa anayekuangalia. Waliokumbushwa madaraka, asilimia 33 walijichorea wao. Wale wengine, asilimia 12. Watu walikuwa 57 tu, ni jaribio dogo, mtu asilijengee ghorofa. Ila anayefanya kazi chini ya mtu halihitaji sana, anajua mwenyewe. Kijana wangu wa kubeba anajua nikifika nimenuna au nimefurahi kwa jinsi ninavyofunga mlango wa gari, mimi sijui hata anakaa Mbagala ya wapi. Mdogo lazima amsome mkubwa ili aishi, mkubwa anaweza kukaa miaka 10 hajasoma mtu.

Ndo maana lile dodoso halikunisaidia. Nilikuwa najibu maswali yote na E imeangalia kwangu. Nilichofanya baadae ni vitu vya kawaida tu. Picha ya mteja sasa naiprinti, inabandikwa ukutani juu ya kazi siku ya kwanza, kila mtu anaiona mpaka kijana wa kubeba. Alafu nilimuuliza fundi wangu mkubwa, mtu mzima kunizidi, nikamwambia kaka naomba uniigize nikiwa nimekasirika. Akakataa kabisa, "aah bosi, mimi siwezi bwana." Nikamwacha. Wiki ya pili yake wakiwa wanakunywa chai hawajui nimeshafika, namsikia ananiigiza, tena vizuri kuliko binti yangu, na kuna kitu kakiongeza ambacho mtoto hakukiona: kabla sijafoka huwa naangalia saa. Sijui kwanini. Ila kweli.

Na sijawa mpole muda wote, sitaki mtu anielewe hivyo. Mashine ya randa ikiwa inawaka na mtu kaweka mkono pabaya hakuna kikao, ni sauti moja tu. Fundi mpya wa wiki ya kwanza anahitaji hatua moja moja maana hajui kitu, huyu wa miaka 12 ukimfanyia hivyo ni dharau. Paul Hersey na Ken Blanchard walishasema kitu cha namna hiyo tangu 1969, kwamba mtindo unafuata uwezo na utayari wa unayemwongoza, na mimi hapo sina la kuongeza, isipokuwa kwamba ili ujue yuko ngazi gani inabidi kwanza umtazame yeye, uache kutazama saa.

Jumapili iliyofuata nikatoka nje kwenye mwembe nikawaambia watoto na mimi nicheze. Wakaangaliana. Nikauliza, niwe bosi? Binti yangu akasema hapana, bosi leo ni huyu, akanyoosha kidole kwa yule mtoto wa jirani aliyeambiwa sitaki maelezo juzi, na huyo bosi mpya alikuwa ameshawapa wafanyakazi wote ruhusa ya kwenda kunywa soda. "Eti wewe baba ulikuwa mteja, umekuja kuchukua kochi lako."

Nikabisha hodi. Nikasema nimekuja kuchukua kochi, mliniambia leo. Binti yangu akaangalia huku, akaangalia kule, akanipa pole kwa sauti tamu kabisa, akaniambia njoo kesho kutwa mzee wangu, kitambaa kipo njiani, na jana umeme ulikatika.